Ada ya Kundi la Saba

Katika ukoo nilioolewa, bei iliyobandikwa ukutani ni ya watu wasio na mtu ndani. Baba mkwe wangu alikufa akijisifu kwamba tangu apate akili hajawahi kulipa ada yoyote kamili, na sifa hiyo ndiyo mali pekee aliyowaachia wanawe. Mume wangu hakuigusa. Yeye ni fundi saa, mpole, na maneno anayoyasema kwa mwezi mzima mdogo wake anayamaliza akifunga kamba za viatu. Huyo mdogo wake, shemeji yangu, mtaa mzima unamwita Wakili. Hajasoma sheria hata ukurasa mmoja. Aliuza bahasha na stempu nje ya mahakama kwa miaka miwili, watu wakawa wanamwuliza mlango wa kuingilia uko wapi, naye akaanza kuwaonyesha kwa malipo. Mlango wenyewe ulikuwa umeandikwa INGIA.

Mimi naoka mikate. Nimeoka kwa miaka ishirini na miwili, tanuri liko nyuma ya nyumba, wanawake wanne wananisaidia kukanda, na sijawahi kurudishiwa mkate. Mwaka huu hospitali kubwa ilitangaza kwamba inatafuta wa kuiletea mikate mia nne kila asubuhi, mwaka mzima. Tulipeleka mikate ya kuonjwa, mimi na yule wa mtaa wa chini anayejiita Mama Hamira. Mkate wa Mama Hamira ukiubonyeza hauinuki, alama ya kidole inabaki pale pale kama kwenye mguu uliovimba. Nilimshinda. Lakini barua ya ushindi ilikuja na sharti: mwokaji awe na gari lake mwenyewe, la kufunikwa, lililosajiliwa kubeba chakula. Karatasi za gari zikaguliwe hospitalini Ijumaa, mikate ya kwanza ifike Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi. Asiyetimiza, kazi inakwenda kwa mshindi wa pili, na mshindi wa pili nimeshamtaja.

Nilitoa akiba yangu yote nikanunua kigari cheupe chenye mlango wa kusukuma pembeni. Nikamwita fundi, akanifungia rafu za trei humo ndani, pande zote mbili, nzuri kabisa. Kilichobaki ni usajili, na nilikuwa na siku tisa.

Mke wa mwanangu wa kwanza anaishi kwetu, kwa kuwa mumewe yuko mbali kwenye kazi za barabara. Sikumchagua mimi. Ni mwanamke asiye na haraka, na kwenye nyumba ya mikate mtu asiye na haraka ni balaa. Anapima unga kwa mizani wakati mkono wangu unajua. Halafu anasoma. Simaanishi vitabu. Anasoma kopo la dawa ya mende mpaka anwani ya kiwanda, anageuza tiketi ya basi aone kama nyuma kuna neno. Ukimwuliza kitu mchana, jibu ujiandae kulipokea jioni.

Siku niliyoleta gari aliondoka bila kusema anakwenda wapi, akarudi saa tisa na karatasi mbili za daftari zilizojaa maandishi mbele na nyuma.

“Mama, nimepita ofisi ya usajili,” alisema. “Kuna tangazo la ada ukutani. Nimelinakili.”

“Lote?”

“Lote. Lilikuwa nyuma ya kalenda, nikawaomba waitoe.”

Akaanza kunisomea, amesimama mlangoni kama mtoto aliyeitwa mbele ya darasa. Magari yamegawanywa makundi. Langu ni Kundi la Tatu, mizigo midogo na chakula. Ada ya usajili laki mbili na nusu. Ushuru wa barabara wa mwaka laki moja na elfu sitini. Ukaguzi elfu arobaini, vibao vya namba elfu thelathini, kadi elfu ishirini. Jumla laki tano.

“Laki tano,” nilisema.

“Kamili, Mama. Nimeuliza kama kuna cha ziada, wamesema hakuna. Kadi inatoka baada ya siku tatu.”

Wakili alikuwa mezani kwetu, kwa sababu ilikuwa saa ya kula na saa ya kula haijawahi kumpita. Alicheka mpaka akaweka kijiko chini, jambo ambalo si kawaida yake.

“Shemeji,” akaniambia, “huyu binti amekwenda kusoma ukuta. Ukuta ule ni wa wageni. Mimi nina mtu wangu dirisha la tatu. Nipe laki mbili na ishirini, gari linatoka na namba zake.”

“Baba mdogo, huyo mtu atatuandika kundi gani?” mkwe wangu akauliza.

“Kundi gani, kundi gani. Gari ni gari.”

“Kila kundi lina masharti yake. Yako huku nyuma ya karatasi. Nilikuwa naomba niwasomee.”

Nilimwambia sina muda wa kusomewa ukuta. Nilisema hivyo mbele ya watu, kwa sauti. Mume wangu aliinua macho kutoka kwenye saa aliyokuwa ameifungua, akanitazama, kisha akaendelea na kazi yake. Karatasi zile zilikaa mezani siku mbili. Siku ya tatu nikazitumia kupima joto la tanuri: unatupa kipande cha karatasi ndani, kikigeuka rangi upesi unajua limewaka sawasawa. Ziligeuka vizuri.

Niseme ukweli wangu. Si kwamba sikumwamini mkwe. Nilimwamini neno kwa neno. Ila ile laki tano iliniuma, na zaidi ya kuniuma ilinidhalilisha. Miaka thelathini nimewasikia wale watu wakicheka wenzao wanaopanga foleni na kulipa kila kitu. Nikataka na mimi, walau mara moja, niwe upande wa wanaocheka. Nikampa Wakili laki mbili na ishirini zake.

Ofisi ya usajili ina ukumbi mrefu wenye mabenchi ya bati lililotobolewa matundu, na ukikaa nusu saa unaondoka na matundu hayo mapajani. Madirisha ni saba, yenye watu ni mawili. Juu ya dirisha mojawapo lisilo na mtu pameandikwa HUDUMA YA HARAKA. Wakili alikuwa amevaa tai na miwani ya jua, na alinikalisha benchi la nyuma kabisa.

“Usitazame dirisha la tatu,” alininong'oneza. “Ukimtazama mtu wangu unamharibia.”

Basi nilikaa saa mbili nikitazama ukuta. Ukutani palikuwa na kalenda ya mwaka juzi, imeshatundikwa tena pale pale ilipokuwa imetolewa. Wakili alikwenda na kurudi, akajipangusa jasho, akamnong'oneza mtu ambaye nilidhani ni mkubwa wa ofisi, kumbe alikuwa anasubiri foleni kama sisi. Kila aliporudi aliniletea karatasi na kuniwekea kidole pa kutia sahihi. Nilitia sahihi mara nne bila kusoma hata mstari, nikajiona mtu mkubwa. Watu wakubwa ndivyo ninavyowaona wakifanya.

Alhamisi jioni alileta kadi na vibao. Kadi ilikuwa na jina langu, namba ya gari, rangi nyeupe, na neno Kundi likifuatiwa na tarakimu 7. Niliiona ile saba. Nikamwuliza.

“La saba ndilo la juu kabisa,” alisema Wakili. “Wanaanzia la kwanza, wanapanda.”

Nikamfungia mikate kumi ya shukrani. Mkwe aliichukua kadi, akaisoma mbele, akaigeuza.

“Mama, zile karatasi zangu ziko wapi?” aliuliza. “Nataka nihakikishe saba ni nini. Sikumbuki vizuri, na sitaki kusema kitu nisichokuwa na hakika nacho.”

“Zimeshafanya kazi yake,” nikamjibu, nikamnyang'anya kadi. Aliangalia tanuri, akaniangalia mimi, akaenda kupima unga.

Ijumaa niliosha gari mwenyewe. Nilivaa gauni la harusi ya mwanangu, nikaendesha kwa mkono mmoja kama nilivyowaona madereva wa muda mrefu, na leseni yangu ina miaka minne tu. Kwenye geti la hospitali mlinzi akaomba kadi. Aliisoma, kisha akavua kofia.

“Pole sana, mama.”

“Asante,” nilisema. Nilidhani anazungumzia jua.

“Zunguka nyuma, kuna geti la kijani. Huku mbele ni kwa wagonjwa na vyakula.”

“Mimi ni wa vyakula.”

Alinitazama kama unavyomtazama mtu ambaye msiba umemchanganya akili. “Ndiyo, mama. Lakini wewe zunguka tu nyuma. Watakusaidia vizuri.”

Nikazunguka, nikimlaani kwa kukosa akili. Nyuma palikuwa na jengo refu, la chini, lenye madirisha madogo juu kabisa karibu na dari. Mwanamume mwenye viatu vya mpira na aproni ya plastiki alikuwa anamwagia maji kitoroli. Alizima bomba aliponiona.

“Mmekuja kumchukua nani?”

“Sikuja kuchukua mtu. Nimekuja kwa ajili ya mikate.”

Alifikiri kidogo. “Mikate ya nani?”

“Ya wagonjwa.”

“Mama, hapa hakuna mgonjwa,” alisema taratibu. “Wa hapa wote wameshamaliza.”

Ndipo nilipoinua macho nikasoma kibao cha mlangoni. Nilisoma neno lile moja mara tatu. Yule mhudumu wa maiti akanisogezea ndoo aliyoigeuza, nikakaa juu yake na gauni langu la harusi.

Afisa ugavi wa hospitali ni mwanamke wa makamo mwenye miwani ya mnyororo. Alijitahidi asicheke, namhesabia hilo. Karani wake hakujitahidi.

“Kundi la Saba ni magari ya kubebea maiti,” alisema, akaiweka kadi mezani katikati yetu.

“Halijabeba maiti. Limebeba rafu tu.”

“Kadi haijui rafu. Mama, mikate yako ndiyo iliyoupendeza ulimi wangu, nakwambia kweli. Lakini wagonjwa wangu wana madirisha. Asubuhi walione gari la maiti likiwashushia kifungua kinywa?” Akatazama saa. “Niletee kadi ya Kundi la Tatu leo kabla ya saa kumi. Vinginevyo itabidi nimpigie mwenzako.”

Nilimkuta Wakili nyumbani, anakula ile mikate kumi ya shukrani na chai yangu. Nilimwekea kadi mbele ya kikombe. Mtu mwingine angeshtuka.

“Kundi hilo limesamehewa ada ya usajili,” alisema akitafuna. “Limesamehewa na ushuru wa barabara. Nimekuokolea fedha, shemeji, badala ya kushukuru unanitolea macho.”

“Umeniandikia gari la maiti.”

“Kubeba ni kubeba. Sasa nani angesoma?”

Nani angesoma. Nilitaka kumrushia kikombe, na nisingekosa shabaha. Lakini lile swali lilikuwa swali langu pia, nililiuliza kwa siku tisa nzima bila kufungua mdomo, na mtu hawezi kumtukana mwenzake kwa jambo walilolifanya pamoja huku yeye ndiye aliyetoa fedha. Mume wangu akanyanyuka kwenye kiti chake, akamwondolea mdogo wake sahani, akaifunika. Katika ndoa yetu sijawahi kumwona amekasirika zaidi ya hapo.

Mkwe alikuwa ameshachukua mkoba. “Twende, Mama,” alisema. “Wanafunga saa tisa na nusu.”

Kwa mara ya kwanza nilimwona anatembea haraka.

Dirisha la tatu alikaa mwanamke mwembamba mwenye kalamu mbili nyweleni. Nilimwuliza kwa hasira kama yeye ndiye mtu wa shemeji yangu.

“Shemeji yako yupi?”

“Mwenye tai na miwani ya jua. Wakili.”

“Aa, yule wa bahasha,” alisema. “Mimi si mtu wake. Alijaza fomu, pale kwenye matumizi akaandika 'kubeba'. Nikamwuliza kubeba nini. Akasema chochote, niangalie lenye ada ndogo kuliko zote nimwandikie hilo. Nikamwonyesha, akaandika saba kwa mkono wake. Wewe ukatia sahihi.” Alinigeuzia faili nione. Sahihi ilikuwa yangu, kubwa, yenye mkia. Chini yake risiti: ukaguzi, vibao, kadi. Elfu tisini.

Elfu tisini. Mimi nilitoa laki mbili na ishirini. Mtu wa ndani hakuwahi kuwapo. Kwa saa mbili nilikatazwa kumtazama karani aliyekuwa anafanya kazi yake kama tangazo linavyosema, na zile zingine zilikuwa zimelala mfukoni mwa yule mwenye tai tangu kabla hatujatoka nyumbani. Lakini hilo ningeweza kulimeza. Nilifungua pochi.

“Nihamishie Kundi la Tatu,” nilisema. “Nalipa laki tano zote, sasa hivi, na faini kama ipo.”

Karani alinitazama kwa huruma. Nilikuwa nimeanza kuichoka huruma siku ile. “Haiwezekani, mama. Sharti liko ukutani.”

Mkwe alikwenda, akaitoa ile kalenda, akaiegemeza chini ukutani. Akasoma kwa sauti, polepole, kila neno kwa zamu yake, na watu wa mabenchi wakanyamaza kumsikiliza. Gari lililosajiliwa Kundi la Saba laweza kuhamishiwa kundi lolote, isipokuwa la chakula. Kwa kuwa limesamehewa ada, mwenye gari ataitikia wito wa hospitali ya eneo lake kusafirisha marehemu wa familia zisizo na uwezo, bila malipo, kwa muda wa miaka mitatu. Akikataa, atalipa ada zote mara tatu na gari litazuiliwa.

“Hilo sharti liko hapo tangu lini?” niliuliza.

“Mimi nimelikuta, na nina miaka sita hapa,” alisema karani. Akamnyooshea mkwe wangu kalamu. “Huyu mwenzako alisimama pale wiki iliyopita saa nzima. Ndiye mtu wa kwanza niliyemwona analisoma.”

Nilisubiri mkwe aseme nilikuambia. Angesema ningepata pa kushika, ningemwita mwenye kiburi, tungegombana njia nzima na ningefika nyumbani nimepoa. Hakusema. Aliirudisha kalenda msumarini, akaipangusa vumbi kwa kiganja, akanifungulia mlango wa gari. Saa kumi afisa ugavi alimpigia Mama Hamira.

Kuuza gari na kutafuta jingine ningeweza, lakini si kwa siku mbili, na mkataba wa mwaka hausubiri mtu. Jumamosi niliwaambia wale wanawake wanne kwamba kazi niliyowaahidi haipo. Waliuliza kwa nini. Niliwaeleza yote, maana wangelijua sokoni hata hivyo, na mmoja akacheka mpaka akakaa kwenye gunia la unga. Sikumlaumu. Ingekuwa yamempata Mama Hamira, mimi ningecheka wiki.

Jumapili nilimkuta mkwe ndani ya gari na spana ya mume wangu, anafungua rafu.

“Nani amekuambia uzitoe?”

“Hakuna aliyeniambia. Lakini wakiita, Mama, patahitajika nafasi.”

“Hawataita,” nilisema.

Waliita Jumatatu saa kumi na moja na nusu asubuhi. Alikuwa yule mhudumu wa viatu vya mpira. “Nazungumza na mama wa Kundi la Saba?” aliuliza kwa adabu, na nikajua hilo ndilo jina nitakalokufa nalo.

Mkwe alikuja nami bila kuitwa. Tulifika getini saa kumi na mbili kamili, saa yangu ile ile, na mbele yetu Mama Hamira alikuwa anashusha trei. Harufu ilinifikia kabla ya salamu yake. Ilikuwa haijaiva katikati, mtu yeyote mwenye pua angejua. Alinipungia mkono, nikampungia. Mlinzi alivua kofia, nikazunguka nyuma.

Kwenye ile ndoo iliyogeuzwa alikaa mzee mmoja, fundi viatu, bado amevaa aproni yake ya ngozi yenye madoa ya gundi. Mhudumu alinieleza pembeni. Mke wa yule mzee alifariki Ijumaa. Kwao ni kilomita arobaini. Magari ya kukodi yalimtajia bei ambayo hata akishona viatu vya mji mzima asingeifikia, kwa hiyo alikaa pale pale, siku tatu, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia aondoke. Ijumaa hiyo hiyo mhudumu aliiona kadi yangu nikiwa nimekaa kwenye ndoo. Aliikumbuka.

Tulimpakia mkewe tukiwa wanne, mhudumu na mkwe upande wa kichwa, mimi na mzee upande wa miguu. Alikuwa mwepesi. Mzee hakutaka kukaa mbele, alikaa sakafuni karibu naye akashika ukingo wa machela kila tulipopinda. Niliendesha kwa mikono miwili. Mkwe wangu, ambaye kwa kawaida kimya chake hunikera, safari hii alinifaa.

Kwao, majirani walikuwa wanasubiri barabarani. Walimshusha, wakamwingiza ndani. Nilikuwa nimeshawasha gari mzee aliporudi akasimama kwenye dirisha langu. Alitoa kitambaa mfukoni, akaanza kukifungua fundo.

“Tunakupa kiasi gani, mama?”

“Hakuna,” nilisema. “Imeshalipwa.”

Aliacha kufungua. “Imelipwa na nani? Nataka nimjue. Siwezi kuzikiwa mke na mtu nisiyemjua.”

Ningemwambia nini? Kwamba kuna mwokaji aliyekwepa ada ya gari, akakosea hata kukwepa? Niliangalia usukani. Mkwe alikuwa pembeni yangu, na nilijua anaandaa jibu kwa mwendo wake ule ule, na nilimwomba moyoni asilifikishe.

“Ni huyu Mama,” alisema.

Mzee aliweka kitambaa mfukoni, akauchukua mkono wangu dirishani kwa mikono yake yote miwili, mikavu, yenye magamba ya gundi. Alisema Mungu anilipe, mimi na watoto wangu. Alisema siku tatu alikaa pale akiamini hana mtu. Niliona aibu, na sitaitafutia jina jingine. Ulimi ulikuwa tayari kumwambia asinishukuru, kwamba sikukusudia, kwamba laiti mambo yangekwenda nilivyotaka mimi, saa hii ningekuwa nahesabu trei na yeye angekuwa bado amekaa kwenye ile ndoo.

Sikumwambia. Nilizima gari, nikamwacha anishike mkono mpaka alipouachia mwenyewe.